Watu wa Jumamosi

Omurushaka, Karagwe
4 Februari 2024

Kaka Edgar,

Shikamoo. Habari za Windhoek, na lile jua lenu lisilojua mvua? Huku sisi wazima. Mama hajambo ila goti, na akilalamikia goti usimwonee huruma sana, maana juzi nilimkuta anapanda kutoka bondeni, kibanjani kwenye migomba, na mkungu kichwani.

Nakuandikia barua pepe kama ulivyotaka. Ulisema ujumbe wangu wa sauti huwezi kuusikiliza kazini, na ukifika nyumbani unasinzia katikati. Basi soma.

Tangu mkataba wangu wa Dar uishe nikarudi huku, kazi za mtandaoni zinapatikana, si haba. Nimepanga chumba hapa Omurushaka kwa sababu nyumbani Kituntu mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni. Jumapili nakwenda kwa Mama. Shida yangu si kazi. Shida ni upweke wa namna ambayo siwezi kumweleza Mama. Wiki iliyopita programu yangu iligoma siku nzima. Nilisoma mistari ileile mpaka nikaanza kuona vitu visivyokuwepo. Dar ningemgeuzia kompyuta mtu wa kiti cha jirani, nikamwambia hebu angalia. Hapa nikigeuka namwona mpika chapati. Nikamweleza yeye. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akaniuliza kama nimekula.

Sasa jana nilikwenda kutoa kopi kwenye duka moja karibu na stendi. Mwenye duka ni kijana anaitwa Lameck, mtu wa Kiruruma. Kabla ya kunipa risiti aliingiza jina langu kwenye kompyuta, nami nikachungulia. Haikuwa programu ya kununua. Ameiandika mwenyewe, kwa kujifunza kwenye simu. Ni mbaya, Kaka, kama nyumba iliyoanza kujengwa kwa bati kabla ya msingi, lakini inafanya kazi. Nikamwuliza nani alimfundisha.

"Hakuna," akasema. "Nilidhani niko peke yangu wilaya nzima."

Tulisimama pale tukaongea mpaka wateja wakaanza kunung'unika.

Tunataka kuanzisha kundi la waandika programu. Wewe ulikuwa kwenye lile la Dar, na sasa uko kwenye la huko. Tunaanzaje? Lameck anasema tuanze na katiba. Mimi nasema tukianza na katiba tutapata mwenyekiti, katibu na mhazini, tusipate mwanachama.

Mdogo wako,
Joanitha

Windhoek
11 Februari 2024

Mdogo wangu Joanitha,

Marahaba. Mimi mzima, kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha. Mpe Mama pole ya goti na umwambie mkungu ana wa kumbebea. Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, chai ikachemka ikamwagika juu ya jiko.

Msiandike katiba. Chagueni siku moja na saa moja, msiibadilishe hata wakija wawili. Mtu akikosa wiki tatu, ya nne awakute palepale. Kila anayekuja aonyeshe kitu alichojaribu, hata kama kimeharibika, hasa kama kimeharibika. Mtu akionyesha kilichomshinda, mwenzake anapata ujasiri wa kuonyesha chake. Mgeni rasmi asiwepo. Akija mgeni rasmi mara ya kwanza, mara ya pili watu watauliza posho. Na pawe na kitu cha kunywa.

Usitegemee wenye shahada tu. Kwenye kundi letu la Dar aliyenifundisha zaidi alikuwa fundi redio. Na usikate tamaa mapema. Mikutano ya mwanzo huwa kama ibada ya asubuhi siku ya mvua, mchungaji na mke wake.

Hapa Namibia kundi letu hukutana kwenye ghorofa lenye kiyoyozi, watu wanaongea Kiingereza na Kijerumani, wananikaribisha vizuri. Lakini nikisikia wewe unaanzisha Omurushaka, natamani ningekuwa nimekaa kwenye benchi lenu. Niandikie kila kitu.

Kaka yako,
Edgar

Omurushaka
21 Aprili 2024

Kaka Edgar,

Shikamoo. Uko salama? Mama anasema umekonda kwenye picha uliyotuma. Nimemwambia ni shati.

Tumeanza. Mzee Projest, yule mwenye ghala la kahawa nyuma ya nyumba za wageni, ametupa ghala lake bure mpaka msimu utakapofika. Tukabandika matangazo kwenye nguzo na kwenye mlango wa duka la Lameck: Jumamosi, saa nane mchana, waandika programu na wanaotaka kujifunza.

Mara ya kwanza walikuja watano. Wawili walileta simu zilizopasuka kioo. Mmoja, mama wa makamo, alidhani ni kikundi cha kukopeshana. Alipogundua sivyo, hakuondoka. Aliketi juu ya gunia mpaka mwisho kwa adabu, akaomba atufungie kwa sala. Akatuombea tupate wateja.

Wa nne alikuwa Lameck, wa tano mimi.

Lameck alionyesha ile programu yake ya dukani. Nilimwuliza kwa nini ameandika kitu kilekile mara nyingi badala ya kukiandika mara moja na kukiita kila anapokihitaji. Akatazama kioo, akashika kichwa. "Kumbe inawezekana?" Kaka, sijui kama unaikumbuka siku ulipojua kwamba inawezekana. Mimi nilikuwa nimeisahau yangu. Niliiona usoni kwake.

Wiki iliyofuata tulikuwa watatu. Iliyofuata, mvua ilipiga bati kwa kelele hata hatukusikizana, tukaandikiana kwa chaki ubaoni kama mabubu, na hiyo ndiyo siku tuliyocheka kuliko zote. Mmoja wa wale wenye simu iliyopasuka amerudi, na anarudi kila wiki. Jana tulikuwa tisa. Ghala linanuka kahawa ya maganda, tunarudi nyumbani nayo kwenye nguo. Kinywaji ni lubisi ya ndizi, ile tamu isiyochacha, Lameck anaileta kwenye dumu kutoka kwa mama yake Kiruruma.

Jina hatujajipa. Mzee Projest akituona anasema, "Watu wa Jumamosi wamefika," na sasa mji mzima unatuita hivyo. Lameck analipenda jina hilo. Lameck pia ndiye aliyekumbuka kufunika tundu la bati, na ndiye anayempitia kila mtu Ijumaa kumkumbusha.

Mdogo wako,
Joanitha

Windhoek
5 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimepona, nimeshiba, na shati ni dogo kweli.

Tisa ni wengi. Sisi Dar tulikaa nusu mwaka hatujafika tisa. Msimu wa kahawa ukifika, tafuteni chumba kingine kabla Mzee Projest hajawaambia, ili asione aibu kuwatoa.

Halafu nimehesabu, kwenye barua yako umemtaja Lameck kuliko ulivyomtaja Mama. Sisemi kitu. Nimehesabu tu.

Kaka yako,
Edgar

Omurushaka
8 Desemba 2024

Kaka Edgar,

Shikamoo. Tunakusalimu wote. Senene wamejaa mwaka huu. Jumamosi mbili zilizopita kundi zima lilikuwa nje linakimbiza senene, na kompyuta zimebaki ndani zinajitazama. Mama amekukaangia kopo zima, anatafuta mtu wa kusafiri nalo. Nimemwambia watalikamata uwanja wa ndege, hasikii.

Samahani kwa kukaa kimya miezi hii. Mambo yamekuwa mengi na mazuri. Wakati wa kahawa usharika ulitupa chumba cha shule ya Jumapili, tukarudi ghalani Oktoba. Sasa tukija wote, wengine wanasimama mlangoni. Wawili wamepata kazi za mtandaoni. Tumenunua projekta kuukuu kwa kuchangishana.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo tumeshindwana, mimi na Lameck, na tumekubaliana wewe ndiye uamue.

Kuna mwalimu wa hesabu anaitwa Theoneste, anakuja kila Jumamosi kutoka Nkwenda, huko Kyerwa. Anakuja na vijana wake wanne. Mmoja ni msichana anaitwa Nikuze. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, wanalima vibarua kwenye migomba ya watu. Huyo Nikuze anaelewa haraka mpaka ananitisha. Sasa mama yake amemkataza, kwa sababu wanarudi nyumbani giza limeingia. Theoneste naye amechoka. Lameck anasema badala ya wao watano kuja, aende yeye mmoja. Ana pikipiki. Kila Jumamosi asubuhi awe Nkwenda, saa nane awe ghalani.

Nimemwambia, "Hili la hapa lenyewe bado linajifunza kusimama. Na barabara ile inachimbwa, ikinyesha ni tope tupu. Usiende."

Akasema, "Mimi nilikaa miaka nikidhani niko peke yangu. Unataka na Nikuze akae hivyo?"

Nikakasirika. Hatukuongea siku nzima.

La pili, Lameck anataka wazee wake waje Kituntu kujitambulisha, mwakani. Nimekubali. Mama anajua, amefanya kama hajui. Hili sikuulizi uamue, nakuarifu tu. Lakini lile la Nkwenda tuamulie. Mimi naogopa, Kaka. Sijui kama naliogopea kundi au namwogopea yeye.

Mdogo wako,
Joanitha

Windhoek
15 Desemba 2024

Mdogo wangu Joanitha,

Marahaba. Mimi sijambo. Hili la pili nimelisoma mara kadhaa, nikatoka nje, nikatembea mtaa mzima natabasamu kama mwehu. Mwambie shemeji nimemkubali tangu alipoziba tundu la bati.

Sasa lile la kwanza. Mwache aende.

Nakuelewa unavyoogopa. Lakini kundi likibaki chumba kimoja linakuwa la marafiki, na marafiki wakishazoeana hawamwoni anayesimama mlangoni. Nkwenda kuna watu watano wanaosafiri nusu siku ili wakae na nyinyi. Ukiwaacha watachoka, na wakichoka hawatarudi tena kwenye jambo hili. Barabara hiyo watu wanapita kila siku, walimu, wauguzi, wachuuzi. Lameck si mtoto.

Mwache aende, na wewe ubaki na la hapo. Hivyo ndivyo linavyokua.

Kaka yako,
Edgar

Omurushaka
2 Machi 2025

Kaka Edgar,

Shikamoo. Huku salama, mvua zimeanza kujaribujaribu.

Ulikuwa sahihi. Nkwenda wamekuwa kumi na zaidi, wanakutana kwenye darasa la shule yao. Lameck akirudi saa nane ana vumbi mpaka kwenye kope na hawezi kunyamaza. Nikuze kasema hivi, Nikuze kauliza vile. Wao wanamwita Mwalimu. Anajifanya hapendi.

Wazee wake walikuja Kituntu wiki jana na lubisi na kahawa ya kutafuna. Baba mdogo aliwazungusha kwa maneno mpaka Mama akaja mlangoni akakohoa. Harusi ni katikati ya Agosti, kahawa ikishauzwa. Omba likizo mapema. Mama yake Lameck, Mama Xaveria, ni mtu mpole, ananiita mwanangu tangu siku ya kwanza.

Nina furaha, Kaka. Naandika ili iwepo mahali.

Mdogo wako,
Joanitha

Windhoek
14 Aprili 2025

Mdogo wangu Joanitha,

Mama amenipigia simu. Alilia kwanza, na mimi nikadhani ni yeye anaumwa. Kisha akaniambia kwamba Lameck ameanguka na pikipiki juzi Jumamosi, kwenye tope, akienda Nkwenda, na kwamba mnamzika leo.

Nimejaribu simu yako tangu jana. Mama anasema upo, unakaa na kina mama, huongei. Nilitafuta ndege, ningefika kesho kutwa, na nyinyi mnazika leo. Nimekaa kazini sijafanya kitu. Saa nane ya huko nilisimama, kwa sababu Mama alisema ndiyo saa ya maziko. Wenzangu waliniuliza nimesimamia nini.

Sijui nikuandikie nini. Mungu akushike. Pole, mdogo wangu. Pole kwa Mama Xaveria pia.

Kaka yako,
Edgar

Windhoek
11 Mei 2025

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama ananiambia unakula kidogo na kwamba uko naye Kituntu. Nafurahi hukai peke yako Omurushaka.

Hunijibu, na sikulaumu. Najua niliandika nini mwezi wa Desemba. Nimeifungua barua ile nikaisoma kama mtu mwingine ndiye aliyeiandika. Mtu aliyekaa mbali, ambako barabara zote zina lami, akamwamulia mtu barabara ya matope.

Ukitaka kunitukana, nitukane. Nitasoma.

Kaka yako,
Edgar

Windhoek
6 Julai 2025

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Hapa ni baridi sasa, asubuhi maji ya kwenye ndoo yanaganda juu. Afya yangu si mbaya.

Mama anasema umerudi Omurushaka, unafanya kazi zako, na Jumamosi hushindi mjini. Sikuulizi unakwenda wapi. Na mimi nimeacha kwenda kwenye kundi la hapa. Walinipigia, nikasema nina kazi.

Likizo niliyokuwa nimeombea harusi bado ipo. Sikuthubutu kuifuta. Ukisema nije, nitakuja. Ukisema nisije, nitabaki. Ukinyamaza sitajua la kufanya, lakini nitavumilia.

Kaka yako,
Edgar

Omurushaka
24 Agosti 2025

Kaka Edgar,

Shikamoo. Natumaini baridi imepungua huko na kwamba unavaa vizuri. Mama mzima. Goti linamsumbua kweli sasa, hashuki tena bondeni. Mimi nipo.

Barua zako zote nimezisoma. Sikujibu kwa sababu kila nilipofungua ili nijibu, niliiona ile ya Desemba chini yake. Mwache aende. Kwa muda mrefu nilikuchukia kwa maneno hayo mawili. Kumchukia Lameck sikuweza, na mvua huwezi kuichukia.

Hujui ilivyokuwa, kwa sababu Mama naye hakuwepo. Asubuhi ile ilikuwa inanyesha si sana. Alipita chumbani kwangu kuchukua projekta. Tuliifunga kwenye nailoni pamoja. Nilimwambia asubiri mvua ikatike. Akasema wale wanatoka mbali kuliko yeye, na wanatembea. Akaniuliza kama nimeiona waya ya kuchajia, nikampa. Ndiyo maneno yetu ya mwisho, ya waya. Aliteleza kwenye kona moja iliyochimbwa. Watu wa nyumba ya jirani walimtoa, wakamlaza kibarazani kwao, wakatafuta gari. Lilipokuja alikuwa amekwisha kufa. Hakukuwa na mtu mwingine barabarani, hakugongwa na mtu. Nimeuliza mara nyingi, kana kwamba jibu lingebadilika.

Tulimzika Kiruruma, kibanjani kwao, kwenye migomba. Watu wa Jumamosi walibeba jeneza. Mzee Projest alifunga ghala akaja. Lakini kutoka Nkwenda hakuja hata mmoja. Niliwaangalia watu wote waliosimama pale, nikasema moyoni, wa Nkwenda ndio aliowafia, na wamekaa kwao.

Siku ya pili baada ya maziko Mama Xaveria aliniita ndani. Alikuwa ameshika simu ya Lameck, ile iliyotolewa mfukoni mwake. Akasema, "Hii inalia tangu Jumamosi. Macho yangu hayaoni maandishi haya. Nisomee, mwanangu."

Nikamsomea. Zilikuwa za Theoneste na za wanafunzi. Mwalimu, tumefika, tunakungoja. Mwalimu, kama mvua imekuzuia utuambie tusiwe na wasiwasi. Tumeanza bila wewe, usituchukie. Nikuze amefaulu kupanga yale majina, anataka uone kabla hajaenda nyumbani. Tumefunga darasa. Halafu ya Jumapili, Mwalimu, mbona kimya. Halafu ya siku ile ya maziko, ya Nikuze mwenyewe, ameazima simu ya mtu. Mwalimu, tumekukosea nini?

Hawakujua. Hakuna mtu aliyekumbuka kuwaambia. Mimi ndiye niliyekuwa na namba ya Theoneste.

Mama Xaveria alisikiliza zote. Akasema, "Wape jibu. Mtu asingojwe namna hiyo."

Nilishindwa, Kaka. Nilimrudishia simu. Yeye hakunigombeza. Alitoka akamtafuta mpwa wake, wakapiga. Nilisikia kutoka ndani jinsi anavyomwambia mtu asiyemjua, polepole, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, kwamba mwanawe hawezi kuja tena. Kisha akabaki na simu sikioni, kwa sababu upande wa pili Theoneste alikuwa analia, na yeye Mama Xaveria aliona si adabu kukata.

Walikuja Kiruruma Jumamosi iliyofuata, wote. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia Kituntu.

Kundi la hapa Omurushaka limekufa. Nisikufiche. Tulikutana mara mbili baada ya maziko. Watu waliketi, hakuna aliyefungua kompyuta. Mmoja alijaribu kuonyesha kitu, akarudi kuketi. Mei ilipofika magunia yakaanza kuingia, na safari hii sikutafuta chumba kingine. Wapo wanaoniuliza barabarani. Nawaambia tutaona.

Wiki jana, Jumamosi, ndiyo ingekuwa harusi. Nilishinda Kiruruma kwa Mama Xaveria, kama ninavyoshinda Jumamosi zote. Tulichambua maharage. Jioni akaniambia, "Wale watoto wa Nkwenda bado wanakaa darasani kwao. Nenda ukawaone. Mimi miguu na macho havinifikishi."

Nilikwenda jana. Nilipanda haisi, na kwenye ile kona nilifumba macho. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuwaambia, kwamba waache, kwamba hakuna mtu atakayekuja tena, kwamba kila mmoja atafute njia yake. Nilikwenda kulifunga kundi, Kaka, nisikudanganye.

Niliwakuta darasa limejaa. Nikuze alikuwa ubaoni anawaelekeza wengine, wamo watu wazima. Waliponiona walisimama wote. Theoneste alinipa mkono, akaomba aseme kabla yangu.

"Dada, tulikwisha kukubaliana," alisema. "Mtu wa Omurushaka asisafiri tena kwa ajili yetu. Tunajifunza wenyewe. Tukikwama, tutakwama hapahapa. Hatutaki kumzika mwingine."

Nilikuwa nimekwenda kuwaambia kwamba siji, wao wakaniambia nisije. Na bado iliniuma.

Nikuze akaniletea kiti. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama ninaweza kutazama kitu kabla sijaondoka, kwa kuwa nimeshafika. Programu yake ilikuwa inagoma. Niliketi karibu naye. Kosa lilikuwa dogo, nililiona mara moja. Sikumwambia. Nilimwacha alitafute, ikachukua muda, na watu walikuwa wanaongea kila pembe ya chumba. Alipoliona alipiga meza akacheka kwa sauti. Kisha akakumbuka nipo, akaziba mdomo.

Nilimwambia asizibe.

Sijui kama nitaanzisha tena hapa mjini. Si mwaka huu. Wewe rudi kwenye kundi lako, usikae ndani na baridi hiyo. Na likizo yako uje, Mama anahitaji mtu wa kumpeleka hospitali kwa hilo goti, na Mama Xaveria ameuliza lini atakuona.

Wewe hukumuua, Kaka. Nimechelewa kukwambia neno hili, kwa sababu kuna siku naliamini na kuna siku siliamini. Leo naliamini, ndiyo maana nimeandika leo.

Mdogo wako,
Joanitha